Kina cha Kisima cha Pili

Bodi ya maji ile ilikuwa na wajumbe saba, na sita kati yao waliogopa hesabu kama paka aogopavyo kuoga. Wa saba ndiye waliyempa kiti cha mwenyekiti. Alikuwa mwalimu mstaafu wa hisabati, mjane asiyejaliwa mtoto, mwanamke mfupi mwenye sauti iliyozoea kufika dawati la nyuma. Nusu ya mji alikuwa ameifundisha kuzidisha na kugawanya, na mji wote ulimwita Mwalimu, basi.

Walikutana kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, katika chumba kilichokuwa nyuma ya tangi kuu. Kulikuwa na meza ndefu iliyopinda katikati, viti vya plastiki, na ramani ya mabomba iliyochorwa kwa kalamu za rangi na kubandikwa ukutani kwa gundi. Hapo ndipo walipoamua mtaa gani upate maji Jumatatu na upi Jumanne, koki ipi ibadilishwe, nani aonywe kwa kumwagilia bustani wakati wa mgao. Mwalimu aliviendesha vikao kama kipindi cha darasani. Aliyechelewa alisimama mlangoni mpaka aruhusiwe kukaa, hata akiwa na mvi.

Kaka yake ndiye aliyetunza pampu. Mji ulimwita Mzee Pampu. Alimzidi Mwalimu miaka tisa, lakini ukweli ni kwamba alikuwa baba yake kuliko alivyokuwa kaka. Wazazi wao walifariki mwaka mmoja, mmoja akimfuata mwenzake, wakati yeye ana miaka kumi na sita na mdogo wake saba. Aliacha shule wiki ya mazishi ya pili akaenda kuomba kibarua kwenye mtambo wa maji. Alimlea yule mtoto kwa mikono yake. Alimpikia uji wenye madonge, alimsuka nywele mistari iliyokwenda kombo mpaka majirani wakashika mbavu, na alimsomesha mpaka chuo cha ualimu. Yeye mwenyewe hakurudi darasani. Mdogo wake alipoanza kufundisha, yeye alikuwa akija kusimama dirishani kwa nje, na nguo zake za kazi, kumsikiliza tu.

Kazi yake kubwa, baada ya kuwasha na kuzima, ilikuwa kupima kina cha kisima cha pili, kile kirefu kilicholisha mji wote. Kila asubuhi aliteremsha utepe mrefu wenye namba, na kitu kizito mwishoni kilichopiga mlio kikigusa maji. Akisikia mlio, alisoma namba, akaiandika kwenye daftari. Alipaswa kustaafu zamani, lakini kila mwaka bodi ilimwongezea muda, maana hakuna aliyeijua pampu ile kama yeye. Kila mwaka suala hilo lilipofika mezani, Mwalimu alitoka nje. Ndivyo katiba ya bodi ilivyotaka, kifungu cha kumi na nne: mjumbe ambaye ndugu yake anajadiliwa atatoka chumbani. Kifungu hicho alikuwa amekiandika yeye mwenyewe, na alijivunia.

Sasa, mwaka ule bodi ilikuwa inatengeneza mpango wa miaka mitano. Jambo kubwa lilikuwa mtaa wa juu. Nyumba mia nne zilikuwa zimeota mlimani, na watu wake walishuka na ndoo kila siku. Mjumbe wao kwenye bodi alikuwa mshonaji mmoja mnene, mcheshi, waliyemwita Mama Cherehani. Kwa miaka mitatu alikuwa hamalizi kikao bila kuutaja mtaa wake.

"Mimi sina haraka," alikuwa akisema. "Ila nikifa kabla ya bomba kufika, mjue nitarudi kuwasumbua, na nitakuja na ndoo."

Mwalimu aliutaka mpango ule upite kuliko kitu kingine chochote maishani mwake. Aliuandika nyumbani, mezani pake, Jumapili baada ya Jumapili. Na ilikuwa mojawapo ya Jumapili hizo, mchana, kaka yake alipokuja, akakaa akinywa chai, kisha akasema:

"Mdogo wangu, macho yananisumbua."

"Yanauma?"

"Hayaumi. Naona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Katikati kupo, pembeni hakuna kitu."

Mwalimu hakuinua kichwa. Alikuwa katikati ya jedwali, na jedwali lilikuwa limekataa kutimia. "Ni uzee, kaka. Hata mimi herufi ndogo zinanishinda. Ngoja mpango upite, nitakupeleka hospitali mwenyewe."

"Haya," kaka yake akasema. Akamaliza chai, akapapasa mlango akatoka.

Miezi saba baadaye mpango ulifika mezani kupigiwa kura. Aliyesita alikuwa Mhandisi, kijana mtaratibu aliyeajiriwa na bodi kusimamia ufundi, mtu wa kusema maneno machache na kuyaomba radhi yote.

"Samahani, Mwenyekiti. Mimi ningeomba tukipime kisima upya kabla hatujasaini. Tufunge pampu siku mbili, tuje na kifaa kingine. Na mtu mwingine."

"Mtu mwingine wa nini?"

"Kwa uhakika tu. Kuwaunganisha watu wote hao ni mzigo mkubwa."

Mwalimu alilivuta daftari la kaka yake akalifungua mbele yao. "Hapa kuna vipimo vya kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa. Siku aliyomzika mke wake alipima kwanza, ndipo akaenda makaburini. Mita thelathini na moja mwaka juzi, thelathini na moja mwaka jana, thelathini na moja leo. Kisima hakijatikisika. Kuna mtu humu ana uhakika kuupita huu?"

Mhandisi akarudisha kalamu mfukoni. Katika kurasa za mwisho, namba zilikuwa zimeanza kuhama kwenye mistari yake. Nyingine zilipanda juu, nyingine zilikaliana. Mwalimu aliziona. Alikuwa amesahihisha madaftari ya watoto kwa miaka thelathini na tano, na jicho lake halikuwahi kuuacha mwandiko mbaya upite. Huo aliuacha. Alifunga daftari, mikono ikanyooshwa, mpango ukapita kwa kura zote.

Siku maji yalipofunguliwa mtaa wa juu, Mama Cherehani alisimama chini ya bomba na gauni lake jipya akalowa chapachapa, akacheka mpaka akalia. Watoto walikimbizana na sufuria. Mzee Pampu aliitwa mbele kupigiwa makofi, naye alisimama akiwa ameukabili ukuta, si watu, mpaka Mhandisi akamshika bega na kumgeuza taratibu. Watu walidhani ni aibu ya mzee asiyezoea sifa. Walimpenda zaidi.

Mtaa wa juu ulipata maji kwa wiki kumi na moja.

Asubuhi ya wiki ya kumi na mbili pampu ilikohoa, ikatema hewa, na kabla Mhandisi hajafika kwenye swichi ilikuwa imeungua. Harufu yake ilifika barabarani. Mji mzima ukakauka, wa juu na wa chini. Mhandisi alimpigia Mwalimu simu akasema neno moja tu, "Njoo." Alipofika, akamkuta amepiga magoti mdomoni mwa kisima, utepe wa kupimia mikononi.

"Tazama mwenyewe, Mwenyekiti. Sitaki uambiwe na mtu."

Akauteremsha. Thelathini ikapita, kimya. Thelathini na moja ikapita. Arobaini. Mwalimu alianza kuzisoma namba kwa sauti bila kujua, kama anayehesabisha watoto. Hamsini. Hamsini na tatu. Kwenye hamsini na nne mlio ukasikika, mbali, mwembamba kama wa mbu.

"Maji hayashuki hivi kwa wiki kumi na moja," Mhandisi akasema, akitazama pembeni. "Huu ni mwaka mzima, pengine zaidi. Samahani, Mwalimu."

Kaka yake alikuwa ndani ya kibanda cha pampu, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono magotini. Alimjua kwa hatua zake.

"Imefika ngapi?" akauliza.

"Hamsini na nne."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesomewa barua aliyokwisha kuijua. "Basi mikono haikukosea."

"Mikono gani, kaka? Niambie. Ulikuwa unapima vipi?"

"Namba nilishaacha kuziona. Mlio nausikia, namba sizioni. Nikawa nauvuta utepe juu na kuupima kwa mikono, pima moja, pima mbili. Pima kumi na saba ndiyo thelathini na moja yako. Mwanzo nilikuwa napatia kabisa. Halafu zikaanza kuja kumi na nane. Kumi na tisa. Siku moja ishirini na mbili." Alijikunjua, akanyoosha mikono yake mirefu pande zote mbili, akaitazama bila kuiona. "Nikasema, mzee, mikono yako imefupika. Hunyooki tena kama zamani. Kisima hiki miaka yote hakijanidanganya, nitakiamini chenyewe au nitaiamini mikono ya kizee? Nikaandika thelathini na moja."

Mwalimu alikaa chini, sakafuni, penye mafuta, na sketi yake ya vikao. "Kwa nini hukusema?"

"Nilisema," kaka yake akajibu. Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama anayemkumbusha mtu alikoacha funguo. "Ila nilisema mara moja tu. Kosa langu hilo. Jambo kama lile mtu husema mara mbili."

Kikao cha dharura kiliitwa siku ya tatu, saa nne asubuhi. Ajenda ilikuwa na mambo mawili: mgao, na mtunza pampu. La kwanza Mwalimu aliliongoza mwenyewe. Kisima cha kwanza, kile kidogo cha zamani, kingetosha mtaa wa chini na zahanati, siku mbili kwa wiki. Mtaa wa juu ungefungwa mpaka kichimbwe kisima kingine. Muda wake haukujulikana. Alipolisoma hilo, Mama Cherehani alivua kitambaa cha kichwani, akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena. Hakutoa utani wowote.

Walipofika la pili, Mwalimu alisimama. "Kifungu cha kumi na nne," akasema, na akatoka nje.

Korido ilikuwa na benchi la mbao. Alikaa. Mlango ule ulikuwa mwepesi, wa mbao za kubandika, na kila neno lilipita. Alimsikia kaka yake akiingizwa, akikwaruza kiti, akiomba radhi kwa kiti. Akamsikia akieleza yote, taratibu, macho, utepe, pima za mikono. Hakujitetea. Alipomaliza, Mama Cherehani akauliza, sauti imekauka:

"Mzee, nani mwingine alijua kwamba huoni?"

Mwalimu alisimama. Mkono wake ukashika kitasa cha mlango. Alikiona kitasa kile vizuri, rangi iliyobanduka, msumari mmoja uliokosekana.

"Hakuna," kaka yake akasema. "Nilimficha kila mtu."

"Hata dada yako?"

"Huyo ndiye niliyemficha kuliko wote. Mnamjua. Angejua, angenitoa siku hiyohiyo."

Kitasa hakikuzungushwa. Mwalimu alirudi kwenye benchi akakaa, mikono mapajani, kama mtoto aliyeambiwa asubiri nje. Walimwachisha kazi kwa kura sita. Aliposikia mikono ikihesabiwa ndani, alijiambia kwamba ataingia sasa hivi, akishapumua kidogo, ataingia na kusema. Mlango ukafunguliwa. Mama Cherehani akatoka wa kwanza, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole, Mwalimu. Mwingine angemficha ndugu yake. Wewe umetoka nje, umeacha haki ipite. Damu nzito kuliko maji, wanasema, lakini wewe umetutazamia maji yetu."

"Ahsante," Mwalimu akasema. Ndilo neno alilolipata.

Wiki hiyohiyo binti wa kaka yake alikuja kumchukua. Alikuwa muuguzi katika mji mwingine, mwendo wa saa tano, mwanamke asiyependa maneno mengi. Alimpeleka baba yake kwa daktari wa macho, na jioni akampigia Mwalimu simu.

"Shangazi, ni presha ya macho. Huja polepole, haiumi. Nuru iliyopotea hairudi."

"Hakuna upasuaji?"

"Wa kuzuia upo. Wa kurudisha hakuna. Na sasa hakuna cha kuzuia. Daktari anasema angeletwa mwaka na nusu nyuma, jicho moja lingebaki. Mwaka na nusu nyuma alikuwa ameanza kuona kama ndani ya bomba. Sijui kwa nini hakumwambia mtu."

Mwalimu alihesabu. Ndiyo kazi aliyoijua. Alihesabu kurudi nyuma, mwezi kwa mwezi, ikamfikisha Jumapili ile, kwenye jedwali lililokataa kutimia, na kikombe cha chai.

Alibaki kwenye kiti miezi mitano zaidi. Alifanya kazi kama punda wa mashine ya kusaga. Alisimamia upimaji wa ardhi, alipanga zamu za gari la maji, alisimama juani na wanawake wa mtaa wa juu wakijaza ndoo, na wao wakampa salamu za heshima na kumnong'ona kwa huruma: masikini, kaka yake alimdanganya. Huruma hiyo ilimla ndani kwa ndani. Watoto walianza kumwigiza Mzee Pampu njiani, wakinyoosha mikono na kufumba macho, "pima moja, pima mbili." Siku moja aliwakemea kwa ile sauti yake ya darasani, wakatawanyika, akabaki amesimama peke yake katikati ya barabara.

Mkutano mkuu wa mwaka ulifanyika uwanjani, watu wamekaa kwenye majani. Baada ya kusoma taarifa, alikunja karatasi akasema kuna jambo halimo humo. Akaeleza yote. Jumapili ile, maneno ya kaka yake, maneno yake yeye. Namba zilizohama mistari. Kitasa cha mlango. Alieleza kwa mpangilio, la kwanza mpaka la mwisho, na alipomaliza akasema anakiacha kiti.

Hakuna aliyezomea. Ingekuwa nafuu. Watu walitazama majani. Mama Cherehani ndiye aliyenyanyuka, kwa shida, akijipangusa gauni.

"Siku ile nilikushika mkono," akasema. Akaondoka, na wengi wa mtaa wa juu wakamfuata.

Kesho yake Mwalimu alipanda basi la asubuhi kwenda kwa kaka yake. Njia nzima alihisi mwepesi, kwa mara ya kwanza tangu pampu iungue. Alijua amechelewa, lakini alikuwa anakwenda na kitu mkononi: amelisafisha jina la kaka yake. Alimkuta kibarazani, amevaa shati safi, mikono imetulia. Walisalimiana. Binti akaleta viti akaingia ndani.

"Kaka, jana nimewaambia."

"Umewaambia nini?"

"Kila kitu. Kwamba uliniambia mapema. Kwamba kosa ni langu. Mji mzima umesikia. Na kiti nimekiacha."

Alisubiri. Uso wa kaka yake haukubadilika mwanzoni. Kisha midomo ikaanza kucheza, na Mwalimu, ambaye hakuwahi kumwona akilia hata wazazi wao walipozikwa, akamwona analia.

"Nani alikutuma?"

"Kaka..."

"Nakuuliza, nani alikutuma? Nilikaa mbele ya wale watu nikajivua nguo. Nikawaambia mimi ni mwongo, mimi niliyewapimia maji miaka kumi na tisa. Unadhani nilifanya kwa ajili ya nani? Macho yamekwenda, kazi imekwenda, jina limekwenda. Nikasema sawa, bado kuna kimoja. Yule mtoto niliyemlea yupo pale, amekaa kwenye kiti chake, watu wanamheshimu. Nilikuwa nakaa hapa na kulifikiria hilo. Ndicho nilichobaki nacho."

"Sikuweza kukibeba, kaka. Kiliniua."

"Mimi nilikibeba." Alijifuta uso kwa kiganja. "Ungeniuliza kwanza. Kitu kilikuwa changu, nilikinunua ghali. Umekwenda kukimwaga mbele za watu ili ulale vizuri."

Mwalimu aliteremka kwenye kiti akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono. Hakuivuta. Aliiacha ishikwe tu, kama mtu anavyomwachia daktari.

"Nisamehe."

"Kukusamehe nimekusamehe. Wewe ni mtoto wangu, nitakupeleka wapi?" Ndani, binti alikuwa ameacha kuosha vyombo. "Lakini usije kwa sasa. Nikisikia sauti yako nasikia na yale yote. Nikiwa tayari nitamwambia mtoto akupigie."

Alirudi na basi la saa nane.

Kisima kipya kilipatikana baada ya miezi kumi na minne, upande wa pili wa mlima. Bodi mpya, chini ya Mama Cherehani, iliamua kwamba kila kipimo kisomwe na watu wawili, na wasiwe ndugu. Maji yalirudi mtaa wa juu. Mwalimu huyasikia yakipita kwenye bomba la nje ya dirisha lake, asubuhi. Anafundisha hisabati watoto watano wa jirani, mezani pake, na mtoto yeyote akisema haoni vizuri, humwachisha somo hapohapo na kumpeleka kwa mama yake.

Simu yake haizimwi. Binti hupiga mara moja kwa mwezi, kumpa habari. Baba anakula vizuri, shangazi. Baba amejifunza kutembea mpaka dukani na fimbo. Anawasalimu wote. Mwalimu huuliza kama kuna ujumbe mwingine wowote. Binti husita kidogo, husema bado, na huongea mambo mengine.